Blanketi la Mzembe

Natangaza rasmi, kwa uzito wote wa cheo changu, kwamba mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu wa Mablanketi katika meli hii ya uokoaji. Kwamba hakuna binadamu aliyetolewa majini akafunikwa bila mkono wangu. Na kwamba historia, itakapoandikwa, itanitaja kwa heshima.

Cheo hicho nilipewa na mama yangu, ambaye ndiye nahodha, kwa maneno haya: "Kaa hapo kwenye mablanketi, usiguse kitu kingine."

Nilifika melini kwa sababu ya kutoelewana kidogo na shule yangu ya bweni. Nilibandika tangazo lenye muhuri, muhuri wenyewe nimeuchonga kwa kiazi, kwamba wakaguzi wa afya wanakuja na kila mtu alale kichwa kikielekea kaskazini ili damu itembee vizuri. Mabweni matatu yaligeuza vitanda. Matroni naye akageuza chake, na hapo ndipo nilipoponzeka, maana kitanda kiliziba mlango, akatolewa dirishani na gauni lake la kulalia huku shule nzima ikimwimbia. Nikarudishwa nyumbani hadi muhula ujao. Nyumbani hapakuwa na wa kunichunga ila shangazi, na shangazi alituma ujumbe kwamba ana presha na angependa kuzeeka. Basi mama akanichukua kama mzigo wa ziada, kwa sharti moja: mzaha mmoja tu melini, nashushwa bandari ya kwanza na kupelekwa kwa shangazi, apende asipende.

Sasa nieleze kazi ya blanketi, kwa kuwa wengi huidharau. Mtu akitoka majini anatetemeka hadi meno yanagongana, na wengine hata jina lao halitoki. Msimamizi wa sitaha, tunayemwita Bwana Kamba kwa kuwa hana maongezi mengine, husimama kwenye ngazi akihesabu kwa sauti kila anayepanda. Lakini uokoaji si mstari wa chakula cha mchana. Mmoja anazirai, wawili wanapanda wameshikana, mtoto anapitishwa mikononi, na Bwana Kamba anabaki akijiuliza kama ishirini na mbili alishaitaja au bado. Ndiyo maana meli hii ina desturi yake: blanketi moja, mtu mmoja. Mablanketi huja yamefungwa kumi kumi. Hakuna baharia anayeruhusiwa kuchukua hata moja, hata akiganda kwa baridi. Watu wakishapanda wote, nahodha anauliza ni mablanketi mangapi yametoka, na hiyo ndiyo idadi ya watu. Inalinganishwa na idadi wanayoitaja waokolewa wenyewe. Zikilingana, tunamshukuru Mungu na kuondoka.

Desturi nzuri. Haikufikiria kwamba siku moja itakabidhiwa mtu kama mimi.

Kulikuwa pia na Mzembe. Mzembe ni sanamu la turubai lililojazwa mchanga na vipande vya kamba, uzito wa mtu mzima, limevishwa suruali na koti la kazi. Mabaharia humtupa majini wakati wa mazoezi, kisha humwokoa. Ameokolewa mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani na hajawahi kusema asante. Siku hiyo asubuhi, baada ya mazoezi, waliniachia nimkaushe. Ukimpa mtu wa aina yangu sanamu na kumwambia alikaushe, kosa ni la nani? Sijibu, nauliza tu.

Bwana Kamba ana ugonjwa mmoja: hawezi kumwona mtu amelala saa za kazi. Nikamburuta Mzembe hadi sitaha ya nyuma, nikamlaza kwenye kivuli cha winchi, ile mashine ya kuvutia kamba, ubavu mmoja, kofia usoni. Alionekana bado sanamu. Nikatoa blanketi moja kwenye bunda, nikamfunika hadi masikioni. Hapo akawa baharia kamili, tena mvivu wa kutosha. Nikajibanza nyuma ya pipa la maji kumsubiri Bwana Kamba aje amtukane mpaka jasho limtoke.

Hakuja. Kilichokuja ni king'ora.

Kulikuwa na boti ya mpira mbele yetu, imejaa watu hadi kingo zimezama nusu, upande mmoja umelegea kama mfuko uliotoboka. Boti yetu ndogo ya uokoaji ilishushwa. Kazi hiyo ina utaratibu: husogei karibu kabla hujasema. Dada mmoja wa kwetu husimama mbele na kuzungumza taratibu, kaeni chini, tunao muda, kila mmoja atapata jaketi, maana watu wakiinuka wote kwa furaha wakaegemea upande mmoja, furaha hiyo ndiyo inayowazamisha. Walikaa. Walisikiliza vizuri kuliko darasa langu. Majaketi yalikuwa yamefika nusu ya boti pale mpira ulipopasuka.

Sitaeleza kila kitu. Nitasema tu kwamba watu wote walikuwa majini kwa pamoja, kwamba boti yetu ndogo ilikwenda na kurudi, ikaenda na kurudi, na kwamba mikono yangu ilifungua bunda baada ya bunda bila mimi kuiambia. Sikumtania mtu. Bwana Kamba alihesabu hadi kumi na kitu, kisha akaingia majini kumshika mama mmoja nywele, na hesabu ikaishia hapo. Wanawake na watoto walipelekwa chumba cha chini karibu na zahanati. Wanaume wakajilaza sitaha ya nyuma, mmoja hapa, mmoja pale, wamejifunika hadi vichwani. Daktari akaamuru wasisumbuliwe.

"Mablanketi?" sauti ya mama ikauliza kwenye kipaza sauti.

Nikatazama. Mabunda manne yamefunguliwa, limebaki blanketi moja. "Thelathini na tisa."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ngazi, ambaye wenzake walikuwa wamemweka kuwa kiongozi wao, akainua mkono. "Ndiyo hivyo. Tulipanda thelathini na tisa."

Nyuso zote zikalegea. Bwana Kamba, mtu asiyecheka hata akitekenywa, alinipiga bega. Wakaipaka rangi ile boti tupu, alama ya kwamba watu wake wamekwisha kuokolewa, ili meli nyingine isipoteze muda. Kisha tukaelekea bandarini, na mimi nikaenda kunywa chai kama mtu aliyeistahili.

Nilikuwa na kikombe cha pili pale daktari aliponiita zahanati. "Njoo ushike hii taa, mkono wangu wa tatu bado haujaota."

Kitandani alikuwa dada mmoja, wa miaka ishirini na kitu, ameungua mapaja na mgongo wa chini. Si moto. Petroli ikivuja kwenye boti ikachanganyika na maji ya chumvi, inachoma ngozi polepole, na wanaokaa chini katikati ndio huloana nayo. Daktari alikuwa ameshamwosha na kumvua nguo zote. Sasa alikuwa anafunga bandeji, na dada yule alikuwa anauma ncha ya blanketi ili asipige kelele.

"Vidonda hivi vinahitaji hospitali," daktari akasema, kama mtu anayezungumza na bandeji. "Leo. Tukifika kabla ya giza, sina wasiwasi."

"Mimi sina haraka," dada akasema. "Nina kaka yangu humu. Mdogo wangu, wewe si ndiye uliyenipa blanketi?"

"Ndiye mimi."

"Yeye ulimpa? Mrefu, amepungukiwa jino la mbele. Anacheka ovyo."

"Niliwapa wote," nikasema, na nilisema kweli, au nilidhani.

"Tulitenganishwa majini. Nimemuuliza daktari, ameniambia wote wamepanda, wako thelathini na tisa." Akafumba macho kidogo. "Nikalala hapo hapo. Sijawahi kulala kwa hesabu. Nenda umwambie nipo, na aache kujifanya shujaa aje aniletee maji. Yule akijua nimeumia atakuja na maneno mengi."

Nikaenda. Nilipita kwa wanaume waliokuwa wameamka, mmoja mmoja, nikiwauliza kwa heshima zote wafungue midomo. Walidhani ni ukaguzi wa meno. Mmoja aliniuliza kama anaweza kupata la dhahabu. Mrefu walikuwepo wawili, wote na meno kamili. Wengine walikuwa bado wamelala, nikafunua ncha za mablanketi taratibu. Hayupo.

Akabaki mmoja, kwenye kivuli cha winchi, amelala ubavu, kofia usoni. Kando yake alikaa mwanaume wa makamo, na mbele ya kile kichwa ameweka kikombe cha maji na biskuti mbili.

"Shemeji, taratibu," akaninong'oneza. "Huyu ndugu yetu hali yake si nzuri. Tangu nimelala hapa hajajigeuza. Nimemwekea maji, nimemwombea dua. Sijui katoka boti ipi, sikumbuki kumwona, lakini majini nani anamkumbuka nani."

Nilisimama. Nimeandika hapo juu mengi ya kuchekesha kuhusu Mzembe, na yote ni kweli, lakini wakati ule nilikaa chini karibu na biskuti zake. Blanketi moja, mtu mmoja. Mablanketi thelathini na tisa. Mmoja kati ya hao thelathini na tisa alikuwa amejazwa mchanga.

Na nyuma yetu bahari ilikuwa imeshakuwa ndefu.

Nilipanda ngazi za chumba cha usukani mbili mbili, na katika kila ngazi nilipanga maneno ya kukiri. Yalikuwa maneno mazuri. Yalianza na "Mama, nina jambo zito." Nikafungua mlango, mama akageuka na uso wake wa kazini, nikamwona shangazi na presha yake, nikamwona matroni dirishani, na mdomo wangu ukasema, "Mama, nimesikia filimbi."

Kila jaketi la kuokolea lina filimbi. Katika meli hii, anayesema amesikia kitu habishiwi. Mama akapunguza mwendo papo hapo. "Upande gani?"

"Nyuma."

"Zimeni injini," akasema kwenye redio. "Wote kimya. Watazamaji, kila upande." Meli ikanyamaza. Watu wote wakaanza kutazama maji yaliyotuzunguka, hapo hapo tulipo, mahali ambapo hapakuwa na mtu wala samaki.

Uongo wangu ulikuwa umesimamisha meli mahali pasipo na mtu. Kila dakika tuliyokaa pale kwa kuniamini ilikuwa inaibwa kwa yule kaka.

"Si sasa," nikasema. "Niliisikia wakati tunaondoka. Kule kwenye boti tupu. Nilidhani ni ndege."

Mama alinitazama. Mama akikutazama hivyo, hata siri za jirani unazitoa. "Ulisikia filimbi tunaondoka, ukanywa chai?"

"Ndiyo."

"Tutazungumza," akasema, na akageuza usukani.

Njia ya mwongo ni fupi, walitufundisha shuleni, lakini ile ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko safari zote nilizowahi kusafiri. Nilishuka zahanati kwa kuwa sikuweza kukaa popote. Dada alikuwa anatazama dirisha la duara.

"Jua lilikuwa huku," akasema. "Limehamia kule. Tunarudi?"

"Tunarudi kidogo."

"Kaka umempata?"

Nilikuwa na uongo wa kila rangi mfukoni, mtoto wa bweni haishiwi. "Bado namtafuta," nikasema.

Aliushika mkono wangu, akaubana, na kila meli ilipoyumba aliubana zaidi. Daktari aliniona nikilia, akadhani nina huruma.

Tuliikuta ile boti tupu na rangi yake, ikipigwapigwa na mawimbi. Mama akapima upepo na mkondo, akaanza kwenda upande ambao maji yangembebea mtu, mbele na nyuma, kama mtu anayelima matuta. Bwana Kamba alipanda juu kabisa na darubini. Mimi nilikaa ukingoni nikitazama hadi kila povu likawa kichwa cha mtu.

"Dumu," Bwana Kamba akasema kutoka juu. Hakupiga kelele. "Dumu la bluu, kushoto." Kisha akasema, "Lina mikono."

Walimleta kwenye ngazi akiwa bado amekumbatia lile dumu, na vidole vyake vilibidi kufunguliwa kimoja kimoja. Alikuwa amekunjamana kama aliyesahauliwa ndani ya beseni. Nilimfunika kwa blanketi la mwisho la bunda la nne, nikamsugua mikono, na neno la kwanza alilotoa lilikuwa, "Dada yangu yupo?"

"Yupo," nikasema. "Anataka umpelekee maji."

Akacheka. Jino la mbele halikuwepo. Sijawahi kufurahia pengo la mtu namna hiyo.

Tulimpeleka zahanati amebebwa na watu wawili. Sitasema walivyokutana, maana walikutana kwa kugombana. "Nilikwambia usiniachie mkono," dada akasema. "Wewe ndiye uliyeuachia, ulikuwa unamshika mtoto wa watu," kaka akasema, na wote wawili wakawa wanacheka na kulia, na daktari akawatishia kuwatenganisha kwa pazia.

Ukafuata wakati wa fahari yangu. Baharia mmoja alinipigia saluti. Bwana Kamba alitangaza mbele ya watu kwamba nina masikio ya popo na kwamba amekuwa akinionea. Mpishi alinipa sukari ya ziada. Nilijaribu kuinama kwa unyenyekevu, na naungama kwamba kwa muda mfupi nilianza kuamini kwamba niliisikia ile filimbi.

Halafu mama akashuka, akaenda kwenye mabunda na kuyatazama.

"Mablanketi arobaini yametoka," akamwambia daktari mlangoni pa zahanati. "Wao wanasema walikuwa thelathini na tisa. Basi walijihesabu vibaya. Na kama walikosea kwa mmoja, huenda walikosea kwa watano. Siwezi kuondoka hapa. Nitatafuta hadi giza, na kesho nianze tena."

"Huyu dada hawezi kusubiri kesho," daktari akasema. "Ngozi imetoka yote. Ikiingia uchafu, sina dawa ya kutosha humu."

"Najua."

"Unajua, lakini?"

"Lakini kama kuna mtu mwingine ameshika dumu lake huko, nimwambie nini?" Mama alijifuta uso kwa kiganja. Sikuwahi kumwona amechoka namna ile. Akaingia ndani, akapiga goti karibu na yule kaka. "Baba, samahani nikusumbue. Fikiri vizuri. Mlikuwa wangapi?"

"Thelathini na tisa, mama nahodha. Tulihesabiwa mara mbili ufukweni, na mara ya tatu tulijihesabu wenyewe."

"Ulipokuwa unapiga filimbi, kuna mwingine uliyemwona majini?"

"Filimbi gani?"

"Filimbi ya jaketi. Binti yangu aliisikia, ndiyo maana tulirudi."

Kaka alinitazama kwa upole, kama mtu anayetaka kukusaidia lakini hajui kwa vipi. "Mimi sikupata jaketi, mama. Boti ilipasuka kabla halijanifikia. Sikuwa na filimbi. Hata sauti ilikuwa imeniisha."

Mama hakugeuka haraka. Alisimama kwanza, akakunja mikono, ndipo akageuka.

Ningeweza kusema alikuwa ndege. Uongo ule ulikuwa tayari, umechana nywele, unasubiri kuitwa. Lakini nyuma ya mama alikuwepo yule dada, anauma tena ncha ya blanketi lake, na meli ilikuwa inazunguka mahali pamoja ikitafuta watu ambao hawakuwahi kuzaliwa.

"Hakuna mwingine majini," nikasema. "Walijihesabu sawasawa. Twendeni bandarini, mama, tafadhali."

"Unajuaje?"

"Blanketi moja nililitoa asubuhi, kabla ya king'ora. Nilimfunika Mzembe, ili Bwana Kamba amgombeze. Nikasahau. Yuko sitaha ya nyuma hadi sasa, ana biskuti mbili na kikombe cha maji. Sikusikia filimbi yoyote. Nilikwenda kumtafuta kaka huyu nikamkuta yeye, nikaogopa kusema."

Bwana Kamba, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai alichokuwa ananiletea, alikiweka chini. Akatoka kwenda nyuma kuhakikisha. Redio ya mama ikakoroma na sauti ya Bwana Kamba ikasema, "Ni kweli. Yupo."

"Bandarini," mama akasema kwenye redio. "Kasi yote." Sakafu ikaanza kutetemeka chini ya miguu yetu, na daktari akashusha pumzi, akachukua bandeji nyingine.

Dada alikuwa hajaondoa macho kwangu. "Mzembe ndiye nani?" akauliza.

Nilipiga magoti katikati ya vile vitanda viwili, ili nisiwatazame kutoka juu.

"Ni sanamu," nikasema. "Sanamu la mchanga, la mazoezi. Tulimhesabu yeye mahali pa kaka yako, tukaondoka. Nilimweka mimi."